Mteja Mwingine Yuko Njiani

Usiku wa jana niliota ninakagua nyumba ambayo mama alipanga kuinunua leo asubuhi.

Niseme kwanza habari za mama, maana ndoto hii ni yake kuliko yangu. Amefundisha shule za msingi hapa Morogoro mpaka alipostaafu, na miaka yote hiyo amekaa nyumba za kupanga, akifua kwa zamu na kuoga kwa zamu. Ana pumu. Kiinua mgongo chake kinatosha kununua nyumba moja, hakitoshi kukosea. Na kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumbani, aliniachia nichague. Nina shahada ya maendeleo ya jamii, na bado naamini jamii inaendelea.

Juzi dalali wetu, kaka Pazi, alituonyesha nyumba ya vyumba vitatu yenye mawaridi mlangoni, nikaipenda palepale. Niliwahi kumsikia mtaalamu redioni akisema mtu asinunue nyumba kabla hajagonga kuta zake, hajafungua kila mlango na hajauliza majirani. Mimi nilinusa mawaridi.

Basi ndotoni nimesimama mbele ya nyumba hiyo. Ni mchana, jua la kiangazi limesimama kichwani. Kaka Pazi ananingoja barazani. Amevaa suti na mabuti ya mvua.

"Kaka Pazi, mbona mabuti?"

"Mtindo, dada yangu."

"Kiangazi hiki?"

"Mtindo hauna msimu."

Nakubali. Mimi ni mtu wa kuamini watu. Lakini macho yangu hayakubali. Yanarudi kwenye mabuti kila mara.

Nabisha hodi. Nyumba yenyewe inaitikia "Karibu," kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

"Inaumwa?"

"Vumbi," anasema Pazi, na kuusukuma mlango kwa bega. Mlango hautaki. Anausukuma tena.

"Samahani," mlango unasema. "Nimenenepa."

"Umekula nini?" namuuliza, maana inaonekana ni mlango wa watu.

"Sijala. Nimekunywa."

Pazi anaukanyaga mguu, mlango unanyamaza na kufunguka.

Ndani kuna moshi wa udi kiasi kwamba sebule nzima ina ukungu. Pazi anasema ni ukarimu wa mwenye nyumba. Navuta pumzi. Juu ni udi. Chini ya udi kuna harufu nyingine imejikunyata, harufu ya taulo lililokunjwa bichi likasahaulika. Nasema moyoni, Gaudensia, usianze kuwashuku watu.

Halafu nakumbuka kugonga ukuta.

Ukuta umevaa. Kuanzia kiunoni kwenda chini umefungwa kanga ya kahawia inayong'aa, imezunguka sebule yote, na kwenye pindo imeandikwa NILIYOYAPITA SIYASEMI. Juu ya kanga ukuta ni mweupe kama kawaida.

Nagonga.

"Nani?" ukuta unauliza.

"Mnunuzi."

"Aa. Mwambie Pazi nimevaa kama alivyoniagiza."

Pazi anakohoa. Mimi nashika pindo la kanga, niinue kidogo tu.

"Dada," ukuta unasema kwa upole, "hapana. Mbele ya mwanamume?"

Nimelelewa vizuri. Nikaliachia pindo, nikaomba radhi.

Ndipo nikaona kwamba vyombo vyote vya sebule vimesimama juu ya matofali. Kabati liko juu ya matofali. Makochi, friji, mpaka kistuli cha kuwekea miguu, kila kimoja na matofali yake, kama wanafunzi walioambiwa wapande juu ya madawati.

"Kaka Pazi, mbona vyote vimepanda matofali?"

"Vinapenda kuona mbali."

Naligeukia kabati. "Unaona nini huko juu?"

"Naona mlango," linajibu. "Kazi yangu ni kutazama mlango."

"Unamngoja nani?"

Kabati linamtazama Pazi. Kisha linajifunga, mlango mmoja, halafu wa pili, kama mtu anayeubana mdomo wake.

Shaka inaniingia. Sitaki kumuudhi kaka Pazi, ameninunulia soda baridi na wiki nzima ananiita dada kwa upendo. Nasema kwa heshima zote kwamba ningependa kuongea na majirani.

"Majirani hawapo chini," anasema.

"Wako wapi?"

"Wako juu."

Nafungua dirisha. Mtaa wote uko juu ya mapaa. Wametandika mikeka juu ya mabati, wamewasha majiko, wengine wanasuka nywele. Juu ya paa la jirani kabisa amekaa mama wa makamo, anapepeta mchele kwenye ungo, na kila akipepeta makapi yanapeperuka mpaka puani kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mpangaji mpya?"

"Hapana mama, mnunuzi."

Mapaa yote yananyamaza. Kisha mzee mmoja wa paa la nyuma anauliza, "Huyo mtoto ana wazazi kweli?" na paa zima linacheka mpaka bati linalia.

"Mama, mbona mnakaa juu ya mapaa?"

"Tunapunga upepo."

"Siku zote?"

"Aa, msimu tu. Sasa hivi tuko mazoezini." Anautua ungo. "Wewe unajua kupanda?"

"Sijui."

"Utakaa na nani?"

"Na mama yangu. Ana pumu."

Yule mama ananitazama kwa huruma, kama ninavyotazamwa nikiwa nimevaa nguo kinyume na hakuna mtu anayetaka kuniambia. "Nunueni ngazi kwanza, mwanangu," anasema. "Nyumba baadaye."

Pazi anafunga dirisha.

"Wivu," anasema. "Watu wa huku wana wivu, dada, mpaka wanapanda juu ili wauone vizuri." Kisha anainama sikioni kwangu na kuteremsha sauti. "Nakwambia kwa kuwa wewe ni mdogo wangu. Usichelewe. Kuna mteja mwingine yuko njiani. Anatoka Dodoma na pesa taslimu mkononi."

Hapo moyo ulinipasuka. Mabuti, kanga, matofali, majirani, vyote vilinitoka kichwani kama havikuwepo. Nilimwona mtu nisiyemjua amesimama barazani kwetu, ananusa mawaridi yetu, na mama yuko nje ya ua na ndoo yake ya zamu.

"Nisaini wapi?" nikauliza.

"Chumba cha mwisho," akasema Pazi.

Chumba cha mwisho ndicho nilichokuwa nimemchagulia mama. Nafungua mlango wake, na ndani ni ofisi ya serikali ya mtaa. Kuna benchi, kuna bendera ndogo, kuna meza yenye kitambaa cha plastiki. Nyuma ya meza amekaa mwenyekiti. Mwenyekiti ni chura. Amevaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi, na miwani. Wajumbe wawili, vyura wadogo zaidi, wamekaa kwenye benchi wameshikana mikono.

"Karibu, mwananchi," anasema mwenyekiti. "Mtaa wetu ni mtulivu sana."

"Asante mheshimiwa. Hakuna kelele?"

"Usiku tunaimba kidogo."

"Nani anaimba?"

"Wakazi wa kudumu." Wajumbe wanaitikia kwa vichwa.

Nakusanya ujasiri. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba uniambie ukweli. Nyumba hii ina tatizo lolote?"

Mwenyekiti anafikiri. Shingo yake inavimba, inapungua, inavimba tena. Naona ni kiongozi makini, hajibu bila kupima.

"Kwa upande wangu, hapana," anasema hatimaye. "Labda kiangazi. Kiangazi ndicho kinachotusumbua kidogo."

Anachukua mhuri, anaupuliza. Mimi nainua macho kutafuta tarehe ya kuandika. Nyuma ya kichwa chake inaning'inia kalenda ya ukutani. Januari ipo. Februari ipo. Baada ya Februari ni Juni.

"Kaka Pazi, Machi iko wapi?"

"Mtaa huu hauna Machi, dada."

"Aprili?"

"Nayo hauna."

"Na Mei?"

Pazi anamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti anawatazama wajumbe.

"Mei ilikuwepo," anasema mjumbe mmoja kwa masikitiko. "Iliondoka na daraja."

Sikuomba ruhusa. Nilizunguka meza, nikaishusha kalenda. Nyuma yake palikuwa na ufa uliotoka darini mpaka sakafuni, mpana kama kiganja, na ndani ya ufa ulikuwa unavuma upepo wa baridi wenye harufu ya lile taulo bichi. Pazi akapiga kelele, "Dada, huko si sehemu ya nyumba!"

Nilipita. Ndotoni huwa mwembamba.

Upande wa pili ni Aprili.

Ni sebule ileile, ila mvua inanyesha kama inalipiza kisasi. Maji yamefika magotini, rangi yake kama chai ya maziwa. Kistuli cha miguu kinapita mbele yangu kikielea, kinanisalimu kwa haraka na kutokea jikoni. Kanga ya ukuta imefunguka na inaelea pembeni. Sasa ukuta uko wazi kiunoni kushuka chini, na pale naona mistari ya tope, mmoja juu ya mwingine, kama wazazi wanavyomsimamisha mtoto ukutani wakampima urefu kila akiongeza mwaka.

"Nani huyu aliyekua hivi?" nauliza.

"Maji," unasema ukuta. "Kila masika wanampima kwangu."

Nasikia filimbi nyembamba chumbani. Naijua filimbi hiyo tangu utoto wangu. Ni kifua cha mama.

Nakwenda mbio, yaani mbio za mtu aliye ndani ya maji. Mama amekaa juu ya kitanda kilichopandishwa matofali, miguu ameikunja chini ya kitenge chake kizuri, dawa yake ya kupuliza iko mkononi. Juu yake dari limeota ukungu mweusi kama ramani.

"Mama!"

"Karibu nyumbani, mwanangu. Umeona? Tuna dirisha la kwetu."

"Mama, maji!"

"Nayaona. Ni ya kwetu." Anakohoa mpaka kitanda kinatikisika juu ya matofali yake, kisha anafuta midomo na kutabasamu. "Usijilaumu, Gaude. Umechagua vizuri. Mawaridi hayakufa, yamesogea tu."

Afadhali angenigombeza. Mama hajui kulalamika mbele ya mtu anayempenda. Atakaa ndani ya maji na kukusifia dirisha. Nikaanza kulia, ila polepole, nisiongeze maji.

Mlango wa nje unagongwa. Anaingia mwanamume mrefu, mwembamba, na sanduku kichwani. Anatembea ndani ya maji bila kuyashangaa.

"Habari za hapa," anasema.

"Nzuri," namjibu, kwa kuwa ndivyo inavyojibiwa. "Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mteja mwingine."

"Wa Dodoma?"

"Dodoma, Iringa, Mtwara. Inategemea dalali."

Hasira inanipanda. "Umekuja kununua nyumba yetu?"

"Dada yangu, mimi sijawahi kununua hata banda la kuku. Mimi niko njiani tu. Dalali akiona mtu anasita, ananiweka njiani. Nikikaribia, mtu anasaini, nami nageuzwa kwenda kwa mwingine." Anatua sanduku juu ya friji inayopita. Friji inaondoka nalo. Anaitazama ikiishilia kama mtu aliyezoea. "Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kufika mahali. Na ni kwa sababu nimepotea."

"Hupumziki?"

"Napumzika mtu akisema neno moja."

"Neno gani?"

"Nitangoja."

"Basi hakuna anayelisema?"

"Watalisemaje, na wote wananiogopa mimi?" Anainamisha kichwa. "Na mimi wala sitaki nyumba zao. Nataka kukaa."

Nikaugeukia ukuta. "Kwa nini hukuniambia haya yote mapema?"

"Uligonga mara moja, kisha ukanionea haya," ukuta unasema, na sauti yake ya mafua haina ubaya wowote. "Mimi si nyumba mbaya, dada. Niliambiwa nisimame hapa, nikasimama. Ila maji yalikuwa na njia hapa kabla yangu, na hakuna aliyeyauliza."

Kichwa cha Pazi kinatokeza kwenye ufa, na buti moja.

"Dada, mwenyekiti anangoja, wino unakauka! Na mteja mwingine yuko nji..."

Anamwona. Wanatazamana.

"Aisee," anasema Pazi. "Umefika?"

"Nimefika."

"Habari za safari?"

"Ndefu."

Pazi akaniangalia kwa macho ya mtu aliyeninunulia soda. Ni vigumu sana kumwambia hapana mtu aliyekuita dada wiki nzima. Nilifikiri labda naye ana watoto wanaomngoja na mkate. Nilifikiri labda Aprili hii isingefika. Kisha kifua cha mama kikapiga filimbi tena, na yeye akaifunika kwa kitenge haraka nisisikie.

"Kaka Pazi," nikasema. "Hatusaini. Nitangoja."

"Ungoje nini, dada?"

"Masika. Mvua ikishika, nitakuja hapa kwa miguu yangu na kubisha hodi. Nikikuta pakavu, nitasaini mwenyewe na kukuomba radhi."

"Masika yako mbali!"

"Mama amengoja nyumba maisha yake yote. Hatashindwa kumalizia na miezi hii."

Pazi akayatazama maji, akalitazama buti lake. Nikamwonea huruma. Kichwa chake kikarudi ndani ya ufa, na buti likakifuata.

Maji yakaanza kushuka, kimyakimya, kama mgeni anayeondoka bila kuaga. Ukuta ukashusha pumzi, ukajifunga kanga yake upya, safari hii ukaifunga chini ya ile mistari, ionekane.

"Mama, naomba nikae," mteja mwingine akasema.

"Kaa, baba," akamwambia mama na kumsogezea nafasi kitandani. "Vua viatu, miguu ipumue."

Akakaa. Akahangaika na kamba zilizolowa mpaka zikafunguka. Akavishika viatu vyake mikononi, kimoja huku na kimoja huku, akavitazama kwa mshangao, nadhani hakuwahi kuvivua.

"Niviweke wapi?"

"Mlangoni," mama akasema, "kama watu wengine."

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia chumbani kwetu. Mama alikuwa amesimama kizingitini, amevaa kitenge chake kizuri, mkoba kwapani, tayari kwa safari ya kusaini. Alikuwa anatazama chini.

"Gaude, kuna mwanamume humu ndani?"

"Hapana, mama."

"Basi viatu hivi ni vya nani?"

Nilitoka kitandani. Vilikuwa viatu vya kiume, vyeusi, vimepangwa vizuri kando ya ndara zetu. Soli zilikuwa zimelika mpaka zikatoboka, na juu vimejaa tope. Hapa kwetu mvua haijagusa ardhi muda mrefu; hata majani ya mpapai yana vumbi. Mama akaokota kimoja na kukiinamisha. Maji yakamwagika, rangi ya chai ya maziwa.

"Mama," nikasema, "tusisaini leo. Tungoje mpaka masika tuione nyumba ikinyeshewa."

Nilitegemea uso wake ukunjamane. Akakizungusha kile kiatu mkononi muda mrefu.

"Hata mimi roho ilikuwa inasita," alisema. "Ila niliona umeipenda sana."

"Na mimi niliona wewe ndiye uliyeipenda!"

Tukatazamana, tukacheka, yeye akacheka mpaka akatafuta dawa yake. Kisha akaweka mkoba chini, akavipeleka vile viatu uani na kuviegemeza ukutani panapopiga jua, ili mwenyewe akivifuata asivikute vibichi.

Simu yangu ikalia. Ilikuwa kaka Pazi.

"Dada Gaude, mko wapi? Fanyeni haraka, nakuombeni! Mteja mwingine yuko njiani!"

Nikavitazama viatu pale juani. Vilikuwa vimeanza kutoa mvuke.

"Basi yuko peku, kaka," nikamwambia.